Kamera Ndogo ya Mfukoni: Maoni ya Wenye Nayo na Hukumu ya Fizikia

Misima ni kata ya Wilaya ya Handeni, katika Mkoa wa Tanga, kati ya mji wa Handeni na mji wa Korogwe. Wenyeji wake wengi ni Wazigua, ambao kazi yao kubwa ni kilimo cha mahindi. Nchi yao ni kavu, na wakati wa kiangazi vumbi hutanda juu ya kila kitu. Mahali hapo pako nyuzi 5 na ushei kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Tena kwa miaka mingi, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za mashambani nchini Tanzania, umeme wa gridi ulikuwa mbali na nyumba za watu. Jua kali, vumbi, na uhaba wa umeme: mtu anayetaka kuipima kamera kwa haki hawezi kupata maabara bora zaidi ya hiyo.

Ichukuliwe kwa mfano harusi inayofanyika kijijini wakati wa adhuhuri. Bibi harusi amevaa gauni jeupe, na bwana harusi amevaa kanzu nyeupe. Mpiga picha ana kamera ndogo ya dijitali ienayo mfukoni mwa shati. Anabonyeza, na mara picha inatokea kiooni. Gauni linaonekana vizuri, na kanzu vivyo hivyo. Lakini nyuso za maharusi ni vivuli viwili visivyo na macho. Wenye kamera za namna hiyo wana kauli iliyo tayari kwa ajili ya tukio kama hilo. Husema, "Kamera hii haiwapendi watu weusi."

Kauli hiyo ni mojawapo tu ya maoni mengi yanayosikika kwa wenye kamera ndogo, wawe ni wapiga picha wa sherehe, walimu, au mabwana shamba. Wengine husema kwamba kamera yenye megapikseli nyingi ndiyo iliyo bora. Wengine hulalamika kwamba inakula betri, au kwamba usiku hutoa picha za chengachenga. Wako hata wanaosema kwamba inanasa mizimu. Maoni ya mwenye chombo ni ushahidi, wala hayafai kudharauliwa na mwanasayansi. Kwani anayekitumia chombo kila siku huona mambo ambayo aliyekiunda hakuyaona. Hata hivyo, kuona tokeo ni jambo moja na kujua sababu yake ni jambo jingine. Makala haya yanayachukua maoni hayo moja baada ya jingine na kuyapeleka mbele ya fizikia ya shule ya sekondari.

Kutoka filamu hadi silikoni

Sifa ya kwanza ambayo kila mwenye kamera ya dijitali huitoa ni kwamba picha huonekana papo hapo. Ili kuelewa uzito wa sifa hiyo, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa zamani. Mpiga picha wa kijijini alinunua filamu ya picha 36. Hakuweza kuona hata moja kati ya hizo mpaka filamu imekwisha, naye amesafiri hadi mjini kuisafisha na kuchapisha picha. Iwapo mteja alifumba macho, hasara ilikuwa ya mpiga picha. Iwapo mteja alihama kabla picha hazijarudi, hasara ilikuwa ya mpiga picha vilevile.

Filamu hunasa mwanga kwa njia ya kemia: chembe za chumvi za fedha hubadilika zipigwapo na mwanga, na badiliko hilo hudhihirishwa kwa dawa. Kamera ya dijitali hunasa mwanga kwa njia ya umeme. Nyuma ya lenzi yake pana bamba dogo la silikoni, liitwalo kitambuzi cha mwanga, ambalo limegawanywa katika mamilioni ya visanduku viitwavyo pikseli. Fotoni inapogonga silikoni, huweza kuifungua elektroni moja kutoka mahali pake. Mwanga ukiwa mwingi, elektroni zinazokusanyika katika kisanduku ni nyingi. Ukiwa mchache, ni chache. Kamera huzihesabu elektroni za kila kisanduku na kuandika hesabu hiyo kwa tarakimu. Picha, basi, ni orodha ndefu ya namba.

Bamba la kwanza la aina hiyo lilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Kwa kuwa pikseli yenyewe haitambui rangi, Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alibuni utaratibu wa kuzifunika pikseli kwa vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kampuni hiyohiyo, mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson aliunda kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, pikseli 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja isiyo na rangi kwenye ukanda wa kaseti.

Chombo hicho kilichohitaji kubebwa kwa mikono miwili kilifikia kutosha mfukoni mnamo miaka ya 2000. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilipeleka sokoni duniani kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa ndogo. Kisha simu za mkononi zikachukua nafasi yake. Mwaka 2020 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 9. Kodak yenyewe, iliyoizaa teknolojia hii, iliomba hifadhi ya mufilisi mwezi wa Januari 2012. Hata hivyo kamera ndogo hazikutoweka, na yote yatakayosemwa hapa juu yake yanaihusu pia kamera iliyomo ndani ya simu, kwa kuwa kanuni ni moja.

Je, pikseli nyingi ndizo ubora?

Maoni ya pili ni kwamba kamera ya megapikseli 12 ni bora mara mbili kuliko ya megapikseli 6. Hapa hesabu fupi yatosha. Picha ya kawaida ya albamu ina upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 6. Mashine nzuri ya kuchapisha huweka nukta 300 katika kila inchi. Kwa hiyo picha hiyo inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani nukta 2,160,000. Megapikseli 2 na kidogo zimetosha! Ama picha ya pasipoti, yenye milimita 35 kwa 45, haihitaji hata robo ya megapikseli moja. Pikseli zinazozidi hapo huwa na faida iwapo picha itachapwa kubwa, au iwapo sehemu yake tu ndiyo itakayokatwa na kutumiwa.

Kwa upande mwingine, pikseli nyingi zina gharama yake. Kitambuzi cha kamera nyingi za mfukoni kina ukubwa wa milimita 5.76 kwa 4.29, yaani eneo la milimita mraba 25 hivi. Fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36, yaani milimita mraba 864, ambalo ni eneo kubwa mara 35. Pikseli milioni 8 zikipangwa katika eneo lile dogo, kila moja hupata upande wenye urefu usiofika maikromita 2.

Mtu wa Handeni anayeyajua matatizo ya maji atauelewa mfano ufuatao. Mvua ikinyesha uani, ndoo moja yenye mdomo mpana hukusanya maji mengi kuliko kikombe, na kupanga vikombe vingi mahali pa ndoo hakuongezi tone hata moja la mvua. Vivyo hivyo, kuzigawa pikseli hakuongezi mwanga unaoingia kwa lenzi. Kila pikseli hupata sehemu ndogo zaidi.

Jambo la kuhadhari ni uvutaji wa picha. Kamera huweza kulileta jambo la mbali karibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusogeza vioo vya lenzi, na hapo pikseli zote huendelea kufanya kazi. Njia ya pili ni ya dijitali, ambayo kwa hakika ni kuikata picha na kuitanua. Mtu akivuta mara mbili kwa njia hii, hubaki na nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo ya pikseli: kamera ya megapikseli 8 imekuwa ya megapikseli 2. Akivuta mara nne, hubaki na nusu megapikseli. Ndiyo maana picha ya mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja hutoka kama imeshonwa kwa viraka.

Betri iliyokufa ambayo haijafa

Malalamiko ya tatu yanahusu betri. Kamera nyingi za mfululizo wa Canon PowerShot A za miaka ya 2000 zilitumia betri ndogo za duara, na jambo hilo lilizifanya zipendwe mahali pasipo na umeme, kwa kuwa betri hizo hupatikana dukani. Lakini wenye kamera hushangaa: betri mpya za bei nafuu hupiga picha chache tu, kamera hujizima, zikitiwa katika redio, redio inalia kwa siku kadhaa. Je, betri zimekufa au hazijafa?

Jibu limo katika somo la ukinzani wa ndani. Kila betri ina ukinzani wake yenyewe, na sehemu ya volti zake hupotea humo kila mkondo unapopita. Ichukuliwe kwamba betri mbili za zinki na kaboni zina jumla ya volti 3.0, na kwamba jumla ya ukinzani wake wa ndani ni omu 1. Redio ndogo inayovuta ampea 0.05 hupoteza volti 0.05 tu, na kubakiwa na volti 2.95. Kamera inapotoa lenzi yake na kuijaza flashi huweza kuvuta ampea 1 nzima. Hapo volti 1 hupotea na 2.0 hubaki. Kamera huona kwamba volti zimeshuka mno, ikajizima. Betri bado zina nishati, lakini haziwezi kuitoa kwa haraka inayotakiwa.

Betri za kuchaji za nikeli na haidraidi ya metali zina volti 1.2 tu kila moja, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huziona dhaifu. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Mbili zikiwa na jumla ya volti 2.4 na ukinzani wa omu 0.1, ampea 1 huzishusha hadi 2.3 tu, na kamera inaendelea na kazi. Kwa hiyo dhana ya kwamba volti nyingi ndizo nguvu imeshindwa hapa na hesabu ya mstari mmoja. Mahali penye jua kama Misima, paneli ndogo ya sola na chaja ya betri hizo ni jibu lenye akili.

Chenga za usiku na "mizimu" ya flashi

Maoni ya nne, kwamba picha za usiku zina chengachenga, ni ya kweli, na sababu yake ni ya kina kuliko ubovu wa kamera. Fotoni hazifiki kwa mpango. Hufika kwa bahati nasibu, kama matone ya mvua ya rasharasha. Wastani wa fotoni zinazonaswa ukiwa N, mabadiliko ya hesabu kutoka pikseli hadi pikseli ni kiasi cha kipeuo cha pili cha N. Pikseli zikinasa 10,000, tofauti ni kama 100, yaani asilimia 1, na jicho haliioni. Zikinasa 100, tofauti ni 10, yaani asilimia 10. Ukuta wa rangi moja utaonekana kama umenyunyiziwa mchanga. Pikseli ndogo katika chumba chenye taa hafifu haina njia ya kuikwepa kanuni hiyo, ila kwa kupewa mwanga zaidi au muda zaidi. Kuiweka kamera juu ya meza na kuiacha ijipige yenyewe kwa saa yake ya kuchelewesha huipa muda zaidi bila mikono kuitikisa.

Wengi huikimbilia flashi. Lakini mwanga wa flashi hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali: aliye mita 4 kutoka kamera hupata robo ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Kumpiga picha mgeni rasmi kwa flashi ndogo kutoka nyuma ya ukumbi ni kazi bure. Picha itaonyesha visogo vya waliokaa mbele.

Hapa ndipo inapoingia habari ya mizimu. Picha nyingi zilizopigwa usiku kwa kamera ndogo huwa na miviringo meupe inayoelea hewani, mara juu ya kaburi, mara juu ya kichwa cha mtu. Kwa kuwa hakuna aliyeiona miviringo hiyo kwa macho, baadhi ya wenye kamera husadiki kwamba chombo kimenasa viumbe visivyoonekana.

Fizikia ina maelezo mepesi zaidi. Katika kamera ya mfukoni, flashi iko sentimita chache tu kutoka lenzi. Chembe ya vumbi iliyo sentimita 5 mbele ya kamera iko karibu mara 40 kuliko mtu aliye mita 2. Basi kwa ile sheria ya kinyume cha mraba, mwanga unaoipiga una ukali mara 1,600 wa ule unaompiga mtu huyo. Tena chembe hiyo iko karibu mno kuweza kuonekana kwa ukali, hivyo taswira yake hutanuka na kuwa mviringo ulio na umbo la tundu la lenzi. Flashi ikiwa mbali na lenzi, chembe zilizo mbele ya lenzi hazipigwi na mwanga wa kutosha, na miviringo haionekani. Msimu wa vumbi na msimu wa manyunyu ndiyo misimu ya "mizimu" hiyo, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka.

Sura zilizopotea

Yabaki maoni mazito kuliko yote, kwamba kamera haiwapendi watu weusi. Picha ya harusi ikiharibika, ni huzuni ya familia. Lakini sura ikipotea katika kitambulisho, mwenye nacho huweza kuzuiwa mahali ambapo ana haki ya kupita. Kwa hiyo swali hili si la urembo.

Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwanga unaorudi kutoka mandhari nzima, na kukisia kwamba kwa wastani vitu vinarudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaovipiga. Kisha hupanga muda na tundu la lenzi ili wastani huo utokee kuwa rangi ya kijivu. Sasa maharusi wale wa adhuhuri wasimame tena. Gauni na kanzu hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga, na zimejaza karibu fremu nzima. Kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza kwa 80 gawanya kwa 18, yaani karibu mara 4.4. Ngozi nyeusi inayorudisha asilimia 10 huandikwa kana kwamba inarudisha asilimia 2.3, yaani karibu sawa na mkaa. Juu ya hayo, jua la utosini hulitia paji la uso mwanga na kuyaacha macho katika kivuli. Sura imepotea, wala kamera haijaharibika: imefanya kama ilivyoagizwa.

Aliyeiagiza ni nani? Historia inatoa jibu. Tangu miaka ya 1950, maabara za picha za rangi zilisahihisha mashine zake kwa kadi za kulinganishia zilizotolewa na Kodak. Kadi hizo zilionyesha mwanamke Mzungu, na zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa "kawaida", na ngozi nyingine zote zikawa kosa la kurekebisha. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe ili zitofautishe rangi za kahawia walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliokuwa hawaridhiki na picha za bidhaa zao. Malalamiko ya biashara yalisikika kabla ya malalamiko ya watu.

Mambo hayo hayakuwa ya kiufundi tu. Mwaka 1970, Caroline Hunter na Ken Williams, wafanyakazi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumiwa kutengenezea picha za pasi walizolazimishwa Waafrika kuzibeba chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Walianzisha upinzani, na mwaka 1977 kampuni hiyo ikaacha biashara huko. Hata katika enzi ya kompyuta, mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, ambaye ni mzaliwa wa Ethiopia, walichunguza programu tatu za kibiashara zinazotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7. Tofauti hiyo yapaswa kumfundisha mwanafunzi kwamba chombo hurithi makadirio ya waliokiunda.

Hukumu ya haki, basi, ni hii: kamera haipendi wala haichukii, lakini wastani uliowekwa ndani yake ulichaguliwa na watu, nao hawakuwa wakiifikiria harusi ya Misima. Mwenye kamera anaposema kwamba chombo chake kinampunja, amesema kweli. Akiishia hapo, amekubali kupunjwa. Kamera nyingi za mfukoni zina alama ya kujumlisha na kutoa, ambayo wengi hawajaigusa kamwe. Kujumlisha 1 huuongeza mwanga mara mbili. Kujumlisha 2 huuongeza mara nne, na karibu kurudisha zile mara 4.4 zilizopotea. Gauni huenda likapoteza baadhi ya mapambo yake, lakini ni heri kupoteza mapambo kuliko uso. Njia nyingine ni kuiamuru kamera ipime mwanga mahali pamoja tu, yaani usoni. Hapo yafaa kutoa kidogo, kwa sababu kamera itajitahidi kuifanya asilimia 10 ionekane kuwa 18, na uso utapauka.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kubonyeza chochote: kuwahamishia maharusi chini ya mwembe. Kivulini jua haliwapigi kutoka utosini, mwanga wa anga huwafikia kutoka pande nyingi, na macho yao huonekana. Wakilazimika kusimama juani, flashi iwashwe mchana huohuo, mradi wasiwe mbali zaidi ya mita 2 au 3, ili ijaze vivuli vya macho.

Majaribio kwa ajili ya darasa

Mwalimu mwenye kamera moja ndogo, au simu, anayo maabara mkononi. Jaribio la kwanza ni la wastani wa kijivu. Darasa lijaze fremu kwa karatasi nyeupe na kuipiga picha, kisha lijaze fremu kwa kitambaa cheusi katika mwanga uleule. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe, picha zote mbili zitaelekea kijivu. Kisha mwanafunzi mmoja apigwe picha mara tatu mbele ya ukuta mweupe: bila kurekebisha, kwa kujumlisha 1, na kwa kujumlisha 2.

Jaribio la pili ni la "mizimu". Katika chumba chenye giza, picha ipigwe kwa flashi hewa ikiwa safi. Kisha kifutio cha ubao kigongwe mbele ya kamera na picha ipigwe tena. Miviringo itakuja kwa mamia, na darasa litakuwa limewaona mizimu wa chaki.

Jaribio la tatu ni la mwanga usioonekana. Rimoti ya televisheni ielekezwe kwenye lenzi na kubonyezwa. Jicho haliuoni mwale wa infraredi, lakini katika kamera nyingi taa ya rimoti itaonekana kiooni ikimetameta, kwa kuwa silikoni huhisi mawimbi marefu kuliko yale ya rangi nyekundu. Kamera nyingine zina kichujio kikali kinachozuia mawimbi hayo. Kamera mbili zikilinganishwa, tofauti yake itakuwa somo jingine.

Onyo moja ni la lazima: kamera yenye flashi isifunguliwe kamwe. Ndani yake mna kapasita inayojazwa hadi volti 300 hivi. Yenye maikrofaradi 100 huhifadhi jouli 4.5, na huweza kubaki na nguvu hata baada ya betri kutolewa. Mshtuko wake si wa mzaha.

Picha itakayobaki

Wenye kamera wanayo huzuni moja wanayoisema kwa sauti ya chini: kadi iliyokufa na picha zote zilizokuwamo. Kumbukumbu ya kadi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, huhifadhi namba kama chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya kuta nyembamba za kihami. Chaji hizo huvuja polepole kwa miaka, na kadi huweza kuharibika kwa ghafla. Picha ya karatasi hufifia, lakini haitoweki yote kwa siku moja. Picha alizopiga Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, zimedumu hadi vizazi vya baadaye kuzitazama. Kwa hiyo kila picha yenye maana na ihifadhiwe mahali pawili tofauti, na zile chache zilizo za thamani zichapwe.

Kamera ghali si sharti la kazi njema. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie, ambayo haikuwa zaidi ya kisanduku chenye lenzi. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu. Alikijua chombo alichokishika, kikomo chake na uwezo wake.

Mpiga picha wa Misima anayebonyeza alama ya kujumlisha, na kuwaita maharusi waje kivulini, amefanya kazi ya fizikia ingawa hakuiita kwa jina hilo. Shule ikiwapa vijana sababu zake, wataweza kukitumia si chombo hicho tu, bali na kile kitakachokuja baada yake. Na wajukuu wa maharusi wale watakapoitazama picha, watawajua babu na bibi yao kwa sura.